Laiki 900, oda tatu

Mjomba, shikamoo.

Mimi ni fundi wa mapazia. Nashona foronya na vitambaa vya meza pia, lakini mapazia ndiyo yanayonilisha. Kazi naifanyia nyumbani, nina cherehani mbili na binti mmoja anayenisaidia kupiga pasi na kushona pindo. Kwa miaka sita nimeishi kwa wateja wa kuambizana: huyu ananiita, jirani yake anaona, naye ananiita. Mwaka jana biashara ikapoa, na mdogo wangu wa kiume akaniambia, "Dada, watu wamehamia kwenye simu, wewe bado unasubiri mtu abishe hodi."

Akanifungulia ukurasa Instagram na mwingine Facebook. Alitumia namba yake na nywila anazo yeye, kwa kuwa wakati ule simu yangu ilikuwa mbovu. Anaposti kila siku. Picha nyingine si za kazi yangu, anazitoa intaneti kwa sababu anasema zinavutia zaidi. Leo tuna wafuasi 4,200. Pazia moja la kijivu lilipata laiki zaidi ya 900, na siku hiyo nyumba nzima tulishangilia. Tumelipia matangazo pia, tumebusti mara nne. Fedha za kubusti nilizichota kwenye fedha za vitambaa, Mjomba, sikufichi.

Sasa njoo kwenye hesabu. Mwezi uliopita nilipata oda tatu, basi. Na hizo zilitoka kwa wanawake walioona picha ya sebule ya mama mmoja niliyemshonea zamani, aliwatumia WhatsApp. Inboksi yetu imejaa watu wanaouliza "bei gani?", nikishawatajia wanaingia mitini. Bei hatuiandiki. Mdogo wangu anasema ukiandika bei washindani wanakuchungulia na kushusha yao, kwa hiyo chini ya kila picha tunaandika "bei njoo inboksi". Wengine wanaisifia kazi kweli, lakini wako mbali mno, siwezi kwenda kuwapima madirisha.

Kilichonifanya nikuandikie ni huyu kijana aliyetufuata anauza wafuasi 10,000. Anasema ukurasa wenye watu wengi ndio unaoaminiwa, na mdogo wangu ameshakubali, ananisubiri mimi nitoe fedha. Halafu anataka nianze kucheza muziki kwenye video kama wengine wanavyofanya TikTok. Mjomba, nina miaka 47 na magoti haya nayajua mwenyewe. Mama yangu naye, kila akiniona na simu, ananikumbusha kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, niache upuuzi nikae kwenye cherehani.

Ninunue wafuasi, niendelee hivi hivi, au nifunge kurasa zote?

Ni mimi,
Fundi niliyechoshwa na laiki

*

Marahaba, mpwa wangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka hayo magoti. Mara ya pili nikarudi kwenye sentensi uliyoiruka kama mtu anayeruka dimbwi: oda zote tatu zimetokana na mama mmoja aliyewatumia wenzake picha ya sebule yake. Hapo mtandao umefanya kazi, tena kwa bando la mtu mwingine. Mama yako na mdogo wako wanabishana bure, maana kizuri kimejiuza kweli, ila kimepita WhatsApp kwenda kujiuza. Kurasa usizifunge. Wafuasi usinunue.

Lakini kabla sijafika huko kuna jambo limenikosesha raha kuliko laiki zote. Kurasa zenye jina la kazi yako zimefunguliwa kwa namba ya mdogo wako, na nywila anazo yeye peke yake. Simsemi vibaya, inaonekana anakupenda na anajituma. Ila simu huibiwa, watu hununiana, na kijana anaweza kupata kazi mbali akasahau hata nywila yenyewe. Siku hiyo miaka yako sita itakuwa imefungiwa ndani ya simu ya mtu mwingine. Kaeni pamoja, muweke namba yako na barua pepe yako, mbadilishe nywila, na muwashe uthibitisho wa hatua mbili, yaani mbali na nywila, anayeingia adaiwe pia tarakimu zinazotumwa kwenye simu yako. Ukurasa wa Facebook unamruhusu mwenyewe kumpa mtu mwingine nafasi ya kuposti kwa akaunti yake binafsi bila kujua nywila yako, kwa hiyo ataendelea kukusaidia kama kawaida. Na ukipata ujumbe kwamba ukurasa wako utafutwa usipobonyeza linki fulani, au mtu akakuomba tarakimu sita zilizoingia kwenye simu yako, huyo ni mwizi, hata akijiita nani.

Sasa huyo muuza wafuasi. Anachokuuzia ni akaunti bandia, au za watu ambao hawajui kama upo. Mdogo wako anadhani kila mfuasi anaona kila mnachoposti. Sivyo mitandao hii inavyofanya kazi. Mtambo unaopanga nani aone nini huangalia namna watu wanavyoipokea posti: wakitulia kuitazama, wakaandika neno, wakamtumia mwenzao, unaisogeza kwa wengi zaidi. Wakiipita kama hawakuiona, inazama. Ukiujaza ukurasa wako vinyago 10,000, posti zako zitakuwa zinaonyeshwa vinyago, na vinyago havigeuzi shingo. Utakuwa umelipa ili wateja wa kweli wasikuone. Tena jambo lenyewe linakatazwa na kanuni za Instagram na Facebook, na akaunti bandia hufutwa kila mara, kwa hiyo huenda hata hiyo 10,000 yenyewe usiikute baada ya miezi michache.

Kuhusu kubusti, nitasema kwa kirefu kidogo kwa sababu ndiko fedha za vitambaa zilikokwenda. Unapolipia tangazo, mtambo unahitaji kujua unataka nini. Ukiuacha uelewe kwamba unataka watu waichangamkie posti, unakwenda kukutafutia watu wenye mazoea ya kubonyeza moyo kila wanachokiona. Wapo wengi mno, na wengi wao hawana haja ya pazia. Kwa hiyo wewe hukuibiwa, mpwa wangu. Uliomba laiki ukapewa laiki. Ungeomba watu wa kukuandikia, ungepata wachache, na pengine hata mdogo wako angesikitika kuona namba imepungua, lakini hao wachache ndio ungeongea nao biashara.

Kwa hiyo mkitangaza tena, chagueni lengo la kupokea ujumbe. Facebook, Instagram na WhatsApp zote ni za kampuni moja, Meta, na tangazo la Facebook au Instagram linaweza kumfungulia mtu mazungumzo na wewe WhatsApp moja kwa moja. Halafu eneo. Hapa ndipo kazi yako inapotofautiana na ya muuza hereni. Hereni zinafungwa kwenye bahasha zikasafiri. Wewe lazima ushike futi, upande ngazi, uone kama ukuta una msumari au reli. Chora duara kwenye ramani ya tangazo, liishie pale unapoweza kwenda na kurudi kwa siku bila nauli kula faida. Watu wa nje ya duara hilo wakikusifia, washukuru, wala usilipie kuwafikia.

Fedha ya vitambaa usiiguse tena. Tenga kiasi ambacho kikipotea chote bado utashona kesho. Tangaza picha mbili tofauti kwa siku zilezile, fedha ileile, uone ipi inaleta ujumbe. Mwisho wa tangazo chukua fedha yote uliyolipa, igawe kwa idadi ya oda zilizotokana nalo. Kama kila oda imekugharimu zaidi ya faida unayobaki nayo kwenye pazia moja, umekuwa ukimlipa mteja akubali kushonewa.

Tuje kwenye bei, na hapa nitagombana na mdogo wako waziwazi. "Bei njoo inboksi" ni mlango uliofungwa wenye kibao cha karibu. Mshindani anayetaka kujua bei yako hahitaji kuchungulia ukurasa, atakuandikia kama mteja na utamtajia kwa adabu zote. Anayezuiwa na kibao hicho ni yule mama mwenye haya, asiyetaka kuuliza kisha aonekane hana uwezo. Na wale wanaouliza wakaingia mitini, wengi wao ungewaokoa na wao wangekuokoa muda kama wangeona tangu mwanzo kazi yako inaanzia wapi.

Najua utaniambia kila dirisha lina vipimo vyake. Kweli kabisa. Ndiyo maana nasema andika bei ya kuanzia, pamoja na mfano mmoja kamili: dirisha la ukubwa huu, kitambaa hiki, bitana ipo au haipo, gharama ya kufunga ikiwemo, jumla kiasi hiki. Mfano mmoja ulionyooka unamfundisha mteja kukadiria lake.

Na tena, bei yako ina siri ambayo mteja haijui. Yeye anapima dirisha kwa macho, anaona mita mbili na ushee za kitambaa, kisha anasikia bei yako anashika kichwa. Hajui marinda yanakula kitambaa. Chukua fimbo ya pazia ya mita 1.4. Pazia likitaka kujaa vizuri, upana wa kitambaa uwe kama mara mbili ya fimbo, yaani mita 2.8, na hivyo ni vipande viwili vya kitambaa chenye upana wa mita 1.4. Kimo ni mita 2.1, ongeza sentimita 30 za pindo la juu na la chini, kila kipande kinakuwa mita 2.4. Tayari ni mita 4.8, na hujagusa uzi, bitana, wala jasho lako. Hesabu hii unaijua usingizini. Ielezee mbele ya kamera, kitambaa kikiwa mezani, kwanza ukiliweka bapa bila marinda lionekane linavyokonda kama shuka kuukuu, kisha ulikunje marinda.

Hiyo ndiyo video yako, mpwa wangu, magoti yapumzike. TikTok haikumlazimisha mtu kucheza. Mikono ya fundi inayojua inachokifanya inatazamika kuliko viuno, na anayeitazama mpaka mwisho huenda ana dirisha linalomsumbua. Piga dirisha lilelile kabla na baada, usimame palepale, mchana, mwanga ukiwa mzuri, na ufute kioo cha kamera kwanza (hutaamini ni picha ngapi zinaharibiwa na alama ya kidole). Andika maneno juu ya video kwa sababu watu wengi hutazama sauti imezimwa. Ukiwa nyumbani kwa mtu, omba ruhusa, na uhakikishe watoto, picha za ukutani na chochote kinachoonyesha nyumba iko wapi havionekani. Video mbili za namna hiyo kwa wiki zinatosha. Kuposti kila siku ukiwa huna la kuonyesha ndiko kulikomfikisha mdogo wako kwenye picha za kuokota.

Hizo picha za kuokota zifutwe leo. Kwanza zina wenyewe, na mwenyewe akilalamika posti inaweza kuondolewa. Pili, mteja akioneshwa pazia la studio huko duniani kisha akaletewa la kwako, hata likiwa zuri atahisi amedanganywa. Kama lile la kijivu lenye laiki 900 lilikuwa la kwako, hongera. Kama halikuwa lako, unajua sasa kwa nini halikuleta hata oda moja.

Nguvu zako nyingi zihamishie WhatsApp, kwa sababu ndiko wateja wako walikokwishakuonyesha kwamba wapo. Ipo programu ya WhatsApp Business, ilitoka mwaka 2018, kuipakua ni bure, na imetengenezwa kwa ajili ya watu kama wewe. Ina katalogi ya kuweka picha na bei. Ina majibu ya haraka unayoyaandika mara moja, kwa hiyo mtu akiuliza "bei gani?" unamtumia palepale bei za kuanzia pamoja na ombi la upana, kimo na picha ya dirisha lake. Anayetuma vipimo ni mnunuzi, asiyetuma alikuwa anapita, na wewe hujapoteza jioni yako. Pia ina lebo za kubandika kwenye mazungumzo, za mteja mpya, anayesubiriwa kulipa, aliyelipa, oda iliyokamilika. Kwa mtu anayeshona huku simu inalia, lebo hizo ni sawa na kuongeza binti wa pili.

Wateja wako wa miaka sita usiwakusanye kwenye kundi. Kila mmoja ataona namba za wenzake, hawakukubaliana na hilo, na kundi litageuka la dua na vichekesho ndani ya wiki. Tumia orodha ya matangazo ya WhatsApp yenyewe (broadcast list): orodha moja inabeba watu hadi 256, na kila mmoja anaupokea ujumbe peke yake kana kwamba umemwandikia yeye. Sharti ni kwamba awe amehifadhi namba yako kwenye simu yake, la sivyo haumfikii. Kwa hiyo siku ya kufunga mapazia, kabla hujashuka kwenye ngazi, mwambie mteja aihifadhi, na umwombe ruhusa ya kumtumia picha za kazi mpya. Mara mbili kwa mwezi si kero. Kila asubuhi ni kero. Kwa kilichobaki kuna stetasi, inakaa saa 24 na haimlazimishi mtu.

Pamoja na hayo yote, nunua daftari. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa pamoja dunia nzima kwa karibu saa sita, na wafanyabiashara wengi waligundua siku hiyo kwamba hawana namba ya mteja hata mmoja nje ya programu hizo. Hata zikiwa hai, wenyewe hubadilisha mambo watakavyo. Januari 2018 Facebook ilitangaza kwamba itatanguliza posti za ndugu na marafiki kuliko za kurasa za biashara, na watu waliokuwa wamejenga kila kitu juu ya ukurasa wakaona watazamaji wanakauka. Ukurasa ni kibanda cha kupanga. Daftari ni lako: jina, namba, vipimo vya madirisha, kitambaa alichochukua, na ametokea wapi. Kila anayekuja mwulize, "Umenijuaje?" Baada ya miezi mitatu daftari hilo litakushauri vizuri kuliko mimi.

Nilitaka kusahau Google. Jisajili kwenye Google Business Profile, nako ni bure, ili mtu wa eneo lako akitafuta fundi mapazia upate nafasi ya kutokea. Kwa kuwa unafanyia kazi nyumbani na unawafuata wateja, unaweza kuficha anwani na kuonyesha tu eneo unalohudumia. Waombe wateja walioridhika waandike maoni yao wenyewe. Usimwandikie mtu, wala usimwombe mdogo wako ajifanye mteja, namjua mtu wa namna yake.

Ukiketi na mdogo wako, anza na nywila, mengine yasubiri. Yule muuza wafuasi mjibu kwa ufupi au msimjibu kabisa.

Na yule mama wa sebule, je, umemshukuru? Hukuandika. Mezani kwako lazima kuna vipande vilivyobaki, havikosi kutoa foronya mbili. Mshonee, umpelekee mwenyewe, na safari hiyo usipige picha.

Mjomba